Jina la Wambura Ndani ya Simu

Jumanne, 10 Juni
Uji umepoa, Nyangeta hajanywa. Mjukuu huyu hajabanduka kwenye kompyuta tangu nije hapa Mukendo kutoka Butiama. Ndani ya kompyuta kuna simu ya kuigiza, haishikiki. Humo anajaribia programu yake, inayosoma meseji kwa sauti kwa wazee wasiojua kusoma. Mimi sikukanyaga shule. Herufi kanifundisha yeye.
Ijumaa anawaonyesha watu wanaotaka kugawa simu vijiji vya ziwani. Wakiikataa, anarudi Bunda kuuza dukani kwa mjomba wake. Sitaki. Mtoto ana kichwa huyu.

Jumatano, 11 Juni
Simu iligoma. Programu inatakiwa ikae kule ndani kabisa, kwenye mfumo, ili watoto wakichezea simu wasiifute. Nyangeta alikuwa amechukua simu ya kuigiza yenye duka la programu. Hiyo imefungwa, haimfungulii mtu. Akachukua isiyo na duka, akaiwasha kwa amri ya kuruhusu kuandika kwenye mfumo. Ikakubali. Tukacheza.
Nikamwambia hiyo programu yako haina jina la ukoo. Kwetu mtoto akilia sana anatajiwaga majina ya marehemu mpaka anyamaze. Mpe Wambura, marehemu mume wangu.
"Mume wetu, bibi."
Mke mwenza gani huyu! Akampa.

Alhamisi, 12 Juni
Simu haiwaki. Inaanza, inazima, inaanza tena. Kutwa nzima. Nyangeta kalia. Na mimi nimelia, ila jikoni. Sato nimemkaanga bure.
Jioni kaona sababu. Programu ya kwenye mfumo lazima ruhusa zake ziandikwe kwenye faili lingine, kwa jina lake. Kule lilibaki jina la zamani. Simu ikamwona Wambura mgeni anayedai mambo ya wenyeji, ikakataa kuwaka.
Jina nimeleta mimi. Nimeumia. Nikasema mtoe huyo mzee, alikuwaga msumbufu hata alipokuwa hai.
"Bibi, huyu hatoki."
Akaandika Wambura na kule. Ikawaka. Ikasoma meseji kwa sauti nene. Nimemkumbatia mpaka kaomba hewa.

Ijumaa, 13 Juni
Kaenda. Nimefagia uwanja uliokwisha fagiwa. Nina hasira na watu nisiowajua. Wakimkatalia naenda kuwatukana mwenyewe.
Karudi na bajaji. Kaniegemea begani. Nikajua mbaya. Kumbe amechoka tu. Walizima, wakawasha, wakajaribu kumfuta Wambura, hakufutika. Kazi wamempa.
Nimepiga vigelegele hadi jirani kaja na mwiko mkononi.

Jumamosi, 14 Juni
Jua limepanda, Nyangeta amelala. Kuku wa jirani nimewafukuza dirishani. Nachambua dagaa karibu na kitanda, polepole. Wiki ijayo anapanda boti Mwigobero kupeleka simu vijijini. Akiamka nitamsuka. Hawezi kwenda kwa watu na nywele zile.
Kwa sasa alale.