Nyoka Mweupe Asiye na Kichwa

Jumatatu, 3 Juni

Maboksi kumi na tisa kabla ya adhuhuri. Tunachana, tunatupa, tunakandamiza viatu kwenye marobota. Boksi hula nafasi melini bure. Nilimfundisha Zuhura, binti wa marehemu kaka yangu: usipoteze muda kusoma lebo.

La ishirini halikuwa letu. Ndani mfuko wa kitambaa, ndani ya mfuko nyoka. Amemgonga Zuhura mkononi. Nimemponda kichwa kwa nondo, nikamtia ndooni, tukakimbilia hospitali.

Jumatatu, alasiri

Daktari ameitazama ndoo. Nyoka mweupe mzima, hana doa. Anadhani ni swila aliyezaliwa bila rangi. Swila huku Uchina ni wengi. Lakini dawa ya swila haizuii sumu ya kifutu, na kichwa ndicho kingemwambia. Nimekiponda mimi, niliyefundisha baiolojia Tanga miaka kumi na minne.

Nimeomba glavu. Magamba ya mgongoni yana mstari ulioinuka katikati. Ya swila ni laini. Chini ya mkia yamepangwa safu moja. Ya swila huwa mawili mawili. Ncha butu, ina kitufe kikavu kama punje ya mtama. Njuga ya kwanza. Ikiwa moja haina cha kugongana nacho, ndiyo maana hatukusikia kitu. Nyoka wa njuga, mchanga, wa Amerika. Mtu aliagiza wa kufuga.

Dawa yake hasa, meiyou, hakuna. Ipo ya kifutu wa hapa, ndugu yake wa mbali. Daktari akaniuliza kama nina hakika.

"Ninayo."

Sina. Nina mkia tu.

Jumanne, 4 Juni

Mkono umevimba hadi begani. Fizi zinatoka damu. Nimerudi jalalani kutafuta lebo ya lile boksi. Wameshazoa. Nikiwa nimekosea, nimemuua mtoto wa kaka yangu mara mbili: kwa lebo, kisha kwa dawa aliyochomwa.

Jumatano, 5 Juni

Vilevile. Naogopa.

Ijumaa, 7 Juni

Damu imekoma tangu jana. Vidole vinne vinacheza. Gumba bado.

Nimempelekea boksi la maziwa. Alilipokea kwa mkono mzima, akaligeuzageuza.

"Ami, hili umelisoma?"

Nikavaa miwani, nikamsomea pande zote nne.