Jina la Bebe

Auburn, 11 Julai 2021

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, tumbo langu linazidi kukua. Mume wangu Balagizi bado anakwenda kazini Smithfield; wengine wamefungiwa ndani kwa corona.

Nakutumia filamu. Mwenye ndevu nyeupe ni Mzee Selwyn, ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee. Ni mwenyeji wa asili wa nchi hii. Ameigiza maisha yake yote: mfungwa, mlevi, mtu wa kuwaonyesha polisi nyayo porini. Majina yakipita mwishoni, yeye huandikwa “Mzee”, basi. Kaniambia, “Ukizaa mvulana, mpe jina langu. Angalau mmoja alitumie.” Nimemwahidi.

Binti yako Falone

Uvira, 15 Julai

Falone wangu,

Mgongo ni uleule. Tumeitazama kwa simu ya jirani. Mbona amepigwa risasi mapema hivyo? Nimelia hadi nikachekwa. Ni mzima kweli?

Mama yako

Auburn, 3 Septemba

Mama,

Samahani kwa ukimya. Nimejifungua salama, mvulana. Lakini yule mzee amefariki.

Falone

Uvira, 5 Septemba

Mwanangu,

Hongera! Ila amefariki kwenye filamu au kweli? Usinichanganye. Niandikie jina lake vizuri, padri alisome kwenye misa.

Mama yako

Auburn, 6 Septemba

Mama,

Ni kweli, ni corona. Na jina usilitaje, nakuomba, wala filamu usiitazame. Dada yake anasema kwenye ukoo wao mtu akifa halitajwi jina, picha haitazamwi, hadi wenyewe waseme msiba umekwisha. Sasa mimi je? Nikilitumia nawaumiza. Nikiliacha nimemdanganya marehemu. Nilimweleza dada yake ile ahadi, akasema tu, “Subiri.” Nisubiri nini, Mama? Balagizi anataka tumwite Destin, yaishe. Kichwa kinaniuma.

Falone

Uvira, 8 Septemba

Falone,

Hata mimi sielewi. Padri amesoma “mzee wa binti yangu”, watu wakageuka kunitazama. Lakini huyo dada wa marehemu hajakataa. Kwenye cheti andikeni Destin. Nyumbani mwiteni Bebe tu, kama kila mtoto mchanga, msubiri.

Mama yako

Auburn, 30 Oktoba 2022

Mama mpendwa,

Habari za siku nyingi? Mgongo je? Bebe anatembea.

Leo yule dada amekuja, hatukumtarajia. Amepiga magoti mlangoni, akamshika Bebe mashavu, akamwita lile jina kwa sauti. Bebe akacheka. Sisi wakubwa tukalia. Kasema filamu sasa tuzitazame.

Tunakusalimu sana,

binti yako Falone, na mjukuu wako Selwyn