Mtoto Asiyepata Joto

Ubelgiji, 14 Septemba 2003

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mguu umepunguza kuuma. Mimi sijambo, ila usingizi umenipotea wiki mbili sasa, ndiyo maana naandika kabla hujajibu ile ya Julai.

Kazi yangu hapa maabara ni kuchunguza chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili. Kila chembe ina vipokezi juu yake. Kipokezi kikigusa kipande cha ganda la bakteria, hata bakteria ambaye mwili haujawahi kukutana naye, kinapeleka habari ndani. Protini zinapokezana habari hiyo hadi kwenye kiini, kisha chembe inamwaga kemikali za kuita wenzake. Kemikali hizo ndizo zinazoleta homa.

Kila jaribio linahitaji damu ya mtu mzima wa afya ya kulinganishia, basi sisi wafanyakazi hutoa yetu kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, chembe zangu ziliwekewa bakteria na hazikumwaga chochote. Tulidhani nimekosea vipimo. Tumerudia mara tatu na jibu ni lilelile.

Nijibu hili tu, mama. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuchemka mwili nikiumwa? Na ndugu zangu Gabriel na Angela, walionitangulia, walikufa na nini? Hukuwahi kuniambia.

Mwanao,
Isdori


Kate, 2 Novemba 2003

Mwanangu Isdori,

Marahaba, baba. Barua imefika kwenye sanduku la parokia. Mguu ni uleule. Mvua bado, lakini wenye malori wameshapita kuulizia mahindi ambayo hata hatujapanda. Siku hizi soko ni huria, kila mtu anakuja na bei yake. Tunaendelea hivyohivyo.

Umeniuliza jambo ambalo nilitaka life pamoja nami. Hukuwahi kupata joto. Ulitokwa na majipu makubwa na mwili wako ulikuwa baridi. Gabriel na Angela vilevile. Mtoto analegea, ananyonya kidogo, unamgusa paji la uso, hana kitu. Unasema amechoka tu. Asubuhi unamkuta ameshakwenda. Gabriel alikuwa na miezi minane, Angela mwaka na nusu. Kifo kisicho na homa, hapa kwetu watu hawakukiita ugonjwa.

Shangazi yako Coleta alimtazama Angela akasema, "Wifi, mtoto huyu anaumwa." Nikamgusa, nikamkatalia. Siku ya pili Angela akafa. Ulipozaliwa wewe akasema tena hivyohivyo, akakubeba mgongoni bila ruhusa yangu hadi zahanati ya masista, wakakuchoma penisilini siku kumi. Ukapona. Ndipo watu wakaanza kuulizana alijuaje, na mwili hauna joto. Wakasema aliyewaloga wale wawili ndiye aliyekuagua wewe. Kwenye kikao cha ukoo baba yako, Mungu amrehemu, alinyamaza. Mimi ndiye niliyesema mchawi ni yeye. Coleta akafukuzwa, akateremkia Kasanga, bandarini kule ziwani, na wewe ulikuwa na mwaka mmoja. Leo ni miaka ishirini na minane.

Usiniulize zaidi.

Mama yako


Ubelgiji, 27 Novemba 2003

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina subira ya kuulizia mguu.

Jibu limepatikana. Katika zile protini zinazopokezana habari, moja kwangu haifanyi kazi. Kipokezi kinamgusa bakteria vizuri, habari inaingia, halafu inakwama njiani. Mtoto anaumwa kwelikweli na mwili hautoi joto. Akibahatika kukua anapata nafuu, kwa sababu kuna kinga nyingine inayojifunza polepole kutokana na kila ugonjwa. Gabriel na Angela hawakufika huko. Kasoro hii inarithiwa. Nusu ilitoka kwako, nusu kwa baba, na ninyi wenyewe haikuwadhuru.

Hakuna aliyeloga mtu. Shangazi aliona kwa macho kitu ambacho mkono wako haukuweza kukihisi, na mimi ninaishi kwa sababu yake. Nenda Kasanga, mama, kabla mmoja wenu hajafa. Ni juu yako kumwambia, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema.

Isdori


Ubelgiji, 8 Februari 2004

Mama yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nasikia Sumbawanga mjini simu za mkononi zimefika, lakini huko kwetu kijijini Kate nani wa kumpigia? Kila siku nashuka mara mbili kutazama sanduku la barua, nikijua posta huja mara moja.

Nimeikumbuka ile barua ya Novemba. Niliandika "nusu ilitoka kwako" kama mtu anayeandika ripoti, sikufikiri wewe utasoma nini. Hukuwaua, mama. Hakuna aliyewaua. Naogopa sana. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Isdori


Kasanga, 19 Aprili 2004

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote nilizipata. Ile ya Novemba niliisoma nikaifungia kwenye sanduku la nguo, na nilikuchukia kidogo, nakwambia ukweli. Miaka yote hiyo nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Ukamwondoa, ukaniacha mwenyewe.

Baada ya Pasaka nikapanda lori la mahindi linaloshuka bandarini. Nilimkuta Coleta anaanika migebuka kwenye kichanja. Amezeeka. Nikamsomea barua yako nimesimama, neno kwa neno, hata yale ya protini nisiyoyaelewa vizuri. Nikamwambia ilitoka kwangu na kwa kaka yake. Yeye anageuza samaki tu. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilikwambia palepale, wifi, kwamba mtoto anaumwa. Ilibidi Isdori akasome Ulaya ndipo uniamini?"

Hakunifukuza, wala hakunikaribisha. Nimepata pa kulala kwa jirani yake. Kila asubuhi nakwenda kugeuza samaki upande wa pili wa kichanja, na hatuongei.

Wewe mwandikie barua yake peke yake, kwa jina lake. Hujawahi kumwamkia tangu uzaliwe. Mimi sirudi Kate mpaka anisemeshe, hata kama ni matusi.

Mama yako,
Bertilla