Mwalimu Tefiro Tsongo, Aliyesikiliza Toka kwa Bendera

Mwaka moja imetimia leo, Babu, tangu utuache. Ile asubuhi nilikuwa kwa bomba, ndoo ya pili haijajaa, Mama akakuja bila viatu. Alifunga tu bomba.

Ulifundisha Kingereza miaka thelathini na moja, Kasese kwanza, halafu hapa kwetu Bwera. Batoto wa Nyakiyumbu, wa Munkunyu, hata wa watu wa kuchimba chumvi kule Kabatoro, wote walipita kwa mukono yako. Mama Ramula wa duka ya vitenge anasema mpaka leo akiandika barua anaangalia nyuma kwanza, pengine uko.

Kila mutu anakumbuka bendera. Ulikuwa unatoka darasani, unavuka kiwanja, unasimama kwa mulingoti na mwavuli yako, unaita: "Soma! Nisiposikia huku, unaanza tena." Latif, ule wa lori, ulimusomesha ukurasa moja mara tisa. Kwa mazishi yako alisema, "Ndiyo maana kule mupakani wananisikia hata injini ikiwaka." Watu wakacheka na machozi.

Mimi hukunisikia hata siku moja. Mujukuu wa Mwalimu, na sauti iko chini hivi! Lakini hukunikaripia. Ulikuwa unasogea, hatua moja, hatua ingine, mpaka unafika kwa dirisha.

Ulipougua, mwaka ilikuwa inaanza, na darasa yetu ya mutihani, S.4, mwaka ya nne ya sekondari, haina mwalimu mwingine wa Kingereza. Ulinishika mukono. "Biira, mpaka wapate mutu, wewe utawasomea. Hawa batoto wasianguke sababu yangu."

Nikasema, "Ndiyo, Babu." Siku tatu, ukaenda.

Wiki mbili sikuwasomea. Nilikuwa nabeba kitabu yako asubuhi, narudi nayo jioni. Halafu Jumatatu moja nikasimama mbele. Katembo, ule mutundu, akatoka mbio mpaka kwa bendera.

"Huku hatusikii! Anza tena, Mwalimu Panya!"

Nikaanza tena. Mara nne. Mara ya tano akakaa kimya mpaka nikamaliza.

"Eh," akaita, "sasa iko sawa." Akarudi kukaa.

Tulisoma hivyo kila siku mpaka mwezi wa sita, walipotuletea mwalimu mupya.

Mwaka muzima niliogopa, Babu. Wakianguka, nitakuja kwa kaburi yako na macho gani? Wiki iliyopita matokeo ikatoka. Tulikuwa arobaini na mbili. Kingereza, hakuna hata moja alianguka. Bibi Feresita akakaa chini pale kwa mulango, akasema, "Sasa muzee anaweza kulala." Na mimi nikalala, Babu. Nililala mpaka jua ikafika kwa kitanda.

Tuko hapa na wewe kwa roho: muke wako Feresita, batoto wako Gorret na Nobert, mimi mujukuu wako Biira, na wale wote uliwafundisha, beko wengi, karatasi haitoshi. Hatutakusahau, hata sisi tukizeeka.

Namba yako Mama hajaifuta. Siku ya matokeo nilichukua simu yake nikaandika: "Babu, wote tumepita. Na Katembo." Nikatuma.

Bado haujajibu.