Ukurasa wa Nne Niliutafsiri Mimi

Jumatano jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mtaa wetu wa Namuwongo wote ni tope, na nina hasira ambayo hata chai haijaituliza. Sketi yangu inaning'inia mlangoni na madoa mawili ya tope mahali pa magoti. Nitaeleza yalikotoka.

Nimekasirikia kijitabu.

Ofisi ninayofanyia kazi huwagawia wakimbizi wapya kijitabu cha kuwazoesha maisha ya hapa. Wengi wao ni Wakongo wenzangu, na kila Alhamisi mimi ndiye ninayewafundisha, katika ukumbi wa kanisa, Kansanga. Kiliandikwa kwanza kwa watu wanaohamishiwa Ulaya. Mtu akabadilisha jina la mji, basi, akaona kazi imekwisha. Mpaka leo kuna mahali kinamshauri mgeni anunue koti zito kabla theluji haijaanza. Theluji, Kampala! Darasani huwa tunacheka tukifika hapo.

Ukurasa wa nne sasa haunichekeshi. Unasema: ukienda kwa kiongozi, simama wima, mtazame machoni, mpe mkono kwa nguvu, taja haki yako.

Mama Furaha aliushika vizuri kuliko wote. Ni mshonaji kutoka upande wa Goma, ana watoto watatu, alifika mwezi uliopita. Kesho asubuhi ana miadi ya kuandikishwa kama mkimbizi, na haandikishwi mtu bila barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenye nyumba naye ameshamwambia kwamba asipoandikishwa, atoke na watoto wake.

Jumatatu akaenda kwa mwenyekiti. Ni mzee, mwanajeshi mstaafu, huketi kwenye benchi fupi nje ya duka lake. Mwanamke wa hapa akifika kwake hupiga magoti kidogo, husalimia, huulizia watu wa nyumbani, ndipo husema shida yake. Mama Furaha alisimama mbele yake wima, akamkazia macho, akanyoosha mkono na kutangaza kwamba barua ni haki yake.

Mzee hakuupokea mkono. "Wewe nnyabo hapana na empisa," akamwambia, yaani bibi huyu hana adabu. "Enda jifunze, halafu rudi."

Jana nilipopata habari nilikwenda moja kwa moja kwa mratibu wetu. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Alisema kijitabu kimeshachapwa. Nikatoka na kuubamiza mlango, na sijutii.

Ila kuna jambo sikumwambia mratibu, na nisipoliandika hapa sitaliandika popote.

Nilijua.

Nina miaka saba Kampala. Kila nikimwendea mwenyekiti napiga magoti, tena bila kufikiri. Nilipokuwa natafsiri ukurasa ule nilijua ni upuuzi mtupu. Lakini mratibu alikuwa na haraka, na mimi nilitaka jina langu lichapwe kwenye jalada la nyuma. Likachapwa. Nikalipiga picha na kumtumia dada yangu.

Leo mchana nilimfuata Mama Furaha kwake. Nilizungumza naye kwa ukali, utadhani kosa lilikuwa lake: twende, upige magoti, yaishe. Aliweka mkasi chini.

"Mi sitapigaka tena magoti, mwalimu," alisema. "Batu ba bunduki balitupigisha magoti kule njiani. Bwana yangu hakuinuka. Niliapaka."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wiki zote hizo nimemsomea habari za theluji, na sijamwuliza hata mara moja alipitia nini kabla ya kufika kwetu.

Tulikwenda hivyo hivyo. Nikapiga magoti mimi, kwenye tope, nikaomba msamaha kwa niaba yake. Mzee aliitikia salamu yangu, kisha akamtupia jicho Mama Furaha, aliyesimama nyuma yangu akitazama chini.

"Na huyu?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Furaha alijibu mwenyewe. Alimwambia yale yale aliyoniambia mimi, kwa maneno machache, na sauti haikumtetemeka.

Mzee akainuka polepole, maana kiuno humsumbua, akaingia dukani na kukaa huko kitambo. Alirudi na barua imeandikwa na kupigwa muhuri. Akampa Mama Furaha kwa mikono miwili.

"Pole, mama. Mbona hapana sema hii Jumatatu?"

"Mwalimu alisemaka nitaje haki," Mama Furaha akajibu. "Hakusema niseme yenye ilinipata."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti.

Kesho yeye atakuwa kwenye foleni na barua yake mkononi, na mimi nitakuwa darasani na wageni wapya. Nitaanza kwa kuwauliza walipitia nini, na nitanyamaza mpaka wamalize kusema. Boksi la vijitabu vyao liko hapa chini ya meza. Nimeshauchana ukurasa wa nne katika kila nakala, moja baada ya nyingine, na hasira bado haijaisha.

Mratibu akitaka kujua nani amefanya hivyo, jina liko kwenye jalada la nyuma.