Uji Uliompalia Mheshimiwa

Mitaboni,
S.L.P. 61,
Machakos.
8 Septemba, 2002.

Mpendwa Kamanthe, mtoto wa dada yangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Hali yako huko Mombasa ni aje? Joto halijakumaliza? Na kijana wako Mulwa, anaendelea aje? Sisi huku tuko wazima. Goti linaniuma, lakini bado napanda kilima bila fimbo, na vijana wananiangalia tu.

Barua hii nimeandika kwa mkono wangu, sikutaka mtu wa kuniandikia. Siku hizi watu wako na masikio marefu. Ukimaliza kusoma, choma.

Unamkumbuka Mheshimiwa Ngovi, yule waziri wetu aliyefariki miaka minane sasa. Redio ilisema yeye ndiye alitufundisha kuchimba matuta, mvua isibebe udongo. Redio haikuniuliza mimi. Mwenye filimbi wa mwethya, kile kikundi chetu cha kulima pamoja, alikuwa nani? Nikipiga, Mheshimiwa anainua jembe. Nikinyamaza, anapumzika. Waziri mzima! Na hakunung'unika hata siku moja. Alikufa katika nyumba ya mabati, na shamba la mtu hakugusa. Hilo ndilo jina alituachia.

Sasa kijana wake Festus anataka kiti cha bunge. Anazunguka masoko yote mpaka Masii akisema baba yake kabla ya kukata roho alimtemea mate kifuani, ile baraka yetu ambayo mzee humpa atakayeshika nafasi yake. Watu wanapiga makofi. Kamanthe, katika chumba alichofia tulikuwa Mheshimiwa, Festus, na mimi nimeshika kikombe. Nilimnywesha uji, ukampalia, akakohoa, ukamrukia Festus kwa shati. Ni hivyo tu. Festus alijipangusa na kitambaa. Baraka gani inapanguswa?

Juzi amekuja hapa na sukari na blanketi. Anataka Jumapili ijayo, kwa ile ibada ya kumkumbuka baba yake, nisimame kwa maikrofoni niseme niliona.

"Mzee, si mate yalinipata hapa?" akaniuliza, akigonga kifua.

"Uji ndio ulikupata."

"Aa, Mzee Kimeu, wewe nawe! Uji na mate si vinatoka mdomo mmoja?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Halafu akasema amesikia Mulwa amemaliza koleji na hana kazi, na yeye ana rafiki hapo bandarini. Nani alimwambia? Kanini mke wangu anaapa si yeye, lakini tangu ile sukari ije anamwita Festus "mwanangu". Miaka minane kijana amenyamaza, leo kiti kimekaribia ndio anakumbuka baraka! Labda anaamini kweli, hilo nalo nimelifikiria. Siku hiyo alikuwa analia sana. Lakini bado simwamini.

Nimekubali kusimama, na anafikiri amenipata. Nitawaeleza watu Mheshimiwa alivyoishi, na nikifika kwa hicho chumba nitasema ni uji. Yeye mwenyewe alikuwa anatuambia kila uchaguzi tujichagulie mtu, kiti si mbuzi wa urithi. Nikinyamaza mpaka nife, hakuna mwingine atakayejua.

Kwa hivyo hiyo kazi ya bandarini, Mulwa aihesabu imepotea. Najua ulivyomsomesha kwa taabu, na hilo limeninyima usingizi. Mwambie aninunie mimi, asikununie wewe. Blanketi nimelikunja, Festus atalichukua hapo hapo mbele ya watu. Sukari, Kanini ameshaimaliza.

Nisalimie Mulwa hata akikataa salamu, pamoja na dada yake Mumbua. Kanini anawasalimu, ingawa hajui nimeandika nini. Mungu awape afya na chakula kisichokatika.

Ni mimi mjomba wako, nakupenda hata ukinikasirikia,

Kimeu wa Ndunda