Tumehamia Garini

Janelle mwanangu,

Supu iko kwenye friji. Paka ameshakula, usidanganywe na kilio chake. Nyumba sasa ni yako, hata gereji; kitanda na jiko letu vimo humo humo garini.

Asubuhi ulipofoka, "Wazee wazima mnahamia kwenye gari! Mnanikimbia?" ukaenda kazini bila kuaga, baba yako alitoka nje. Nikamkuta kwenye usukani, analia. "Doreen, tughairi?"

Nikamwambia awashe gari. Miaka yote hadi anastaafu ameendesha basi la shule, barabara ileile, akipeleka watoto wa watu. Arizona, tunakoenda, ameiona kwenye picha za kalenda tu. Hatukukimbii, mama.

~~Usitupigie mpaka hasira ziishe.~~

Piga jioni tukishaegesha, hata kama bado umenuna. Simu nitamwachia yeye apokee.

Mama